Msumari wa Bi Thora

Jumatatu, 4 Machi 2019

...na ndiyo, mume wangu Brodie alisema kweli kuhusu lile gauni! Wiki nzima kabla ya harusi nilibisha kwamba gauni la bibi yake, la mwaka 1955, halitanikaa. Likanikaa bila kupunguzwa wala kuongezwa. Bibi Elfrieda alinizunguka mara mbili na pini zake mdomoni, akazitema zote. "Hazina kazi hizi. Mimi na wewe kimo kimoja, mwanangu. Hata pindo sigusi."

Leo picha zimefika. Siku ishirini na tatu za ndoa na bado nikiona jina "Tamsin Noske" kwenye bahasha nageuka kumtafuta mwenyewe! Picha niipendayo ni ile ya kwenye nguzo ya banda letu la pampu, kando ya mto. Baba mkwe, Darryl, alishikilia tupigwe pale, maana picha za sherehe zote za kina Noske hupigwa pale. Brodie kanishika kiuno. Nyuma yetu nguzo, na ule mstari wa bluu unaoonyesha mafuriko ya mwaka 1956 yalipofika, sawa na bega langu. Nimeibandika kwenye friji. Nikichukua maziwa naibusu, nacheka peke yangu.

Kazini, wiki ya tatu na Injinia Ruwan. Ukingo wa upande wetu, chini kidogo ya lango la kupitishia boti, unamong'onyoka. Banda la pampu limebakiza hatua sita liingie mtoni. Wanataka kumwaga mawe ili kuukinga. Lakini mawe yakibana mto huku, mafuriko yakija maji yatasukumwa ng'ambo, kwenye vibanda tisa vya kina Bi Thora Pascoe. Kwa hiyo kwanza tupime hatari. Langoni kipimo cha maji kipo, ila Injinia anasema kwenye kona yetu maji hujikunja na kupanda kuliko kipimo kinavyosema. Anataka alama za watu. Ndiyo kazi yangu: nyumba kwa nyumba, "Maji ya hamsini na sita yalifika wapi?" Naandika kwenye fomu. Safu ya mwisho: inaaminika, ndiyo au hapana.

Ndiyo au hapana — mimi, niliyeishia kidato cha mwisho na alama ya wastani! Najisikia mkubwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mafuriko! Mto wenyewe umekonda hadi ndege mwari wanasimama katikati. Kila mlango nikigonga wananicheka. Mzee mmoja kaniambia nikipata maji nimletee ndoo.

Alama tisa nimeandika. Namba nne ni nguzo yetu. Kuna swali, "Je, imewahi kuhamishwa?" Sikumuuliza mtu. Nikaweka alama ya hapana mwenyewe, na "inaaminika: ndiyo". Nimepigwa picha ya harusi mbele ya mstari ule, niulize nini tena?

Namba tisa ni Bi Thora. Nilivuka kwa kivuko saa tisa. Ana umri wa miaka sabini na tisa na anatembea kama ana haraka ya treni. Kanipeleka nyuma ya kibanda, kwenye mkaratusi mnene, akainua fimbo juu kabisa. "Ule pale. Marehemu baba aliupigilia akiwa amesimama ndani ya boti. Mimi nilishika makasia, nina miaka kumi na sita." Msumari mkubwa, gome limeumeza nusu.

Mara honi kutoka kivukoni. Mume wangu, kaja kunichukua na pikapu! Moyo ukaruka. Nikaandika fomu juu ya goti. Nikawaza: miti hukua, msumari umepanda nao. Uko juu mno. Hapana.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika, Bi Thora."

Akanifungia skonzi tatu kwenye karatasi. Tulizila njiani, Brodie mbili mimi moja. Zilikuwa bado moto.

Jumatano, 13 Machi

Mkutano ukumbini. Nilivaa ile blauzi ya kijani kwa sababu Brodie anaipenda. Sasa sitaki kuiona.

Injinia Ruwan akatundika ramani. Kwa alama zinazoaminika, akasema, maji kama ya hamsini na sita yakija tena, hata mawe yakiwepo, tuta la udongo linalokinga vibanda tisa litabaki juu ya maji kwa sentimita thelathini. Hakuna haja ya kuliinua. Mawe yaanze Mei. Ripoti atatia saini tarehe mosi Aprili. Baba mkwe akapiga makofi kabla ya wote. Kama tuta lingehitaji kuinuliwa, zamu yetu ya mawe ingesogea mwaka mzima, na banda la pampu halina mwaka.

Bi Thora akasimama. "Na msumari wangu? Mbona siuoni kwenye ramani?"

Baba mkwe akageuka na kiti chake. "Thora, msumari wako si umeshafika kwenye matawi? Karibu ndege waanze kutua juu yake!"

Ukumbi mzima ukacheka. Injinia akapekua karatasi zake. "Namba tisa... imeandikwa haiaminiki."

"Nani kaandika?"

Hakuwa na ukali. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa. Nami nilikuwa safu ya pili na kicheko bado mdomoni. Ndiyo, nilicheka! Nilicheka na wenzangu kwa sababu Brodie alicheka na baba yake alicheka. Injinia akasema ni uamuzi wa timu. Hakunitazama. Bi Thora akakaa, akavuta sketi yake ikafunika magoti. Sijui kwa nini hilo la sketi ndilo linalonirudia.

Jumapili, 17 Machi

Nitaandika polepole.

Chakula cha mchana kwa Bibi Elfrieda baada ya kanisa. Nilimpelekea picha yetu ya nguzoni kwenye fremu. Akafurahi, akasema naye anayo ya kwake, tuziweke pamoja. Akatoa kwenye kopo la biskuti. Yeye, mwaka 1956, maji yameshuka, matope hadi kwenye fundo la miguu, kashika kofia mkononi anacheka. Nguzo ileile. Mstari ndio umepakwa rangi siku hiyo.

Mstari uko juu ya kichwa chake. Kiganja kizima juu ya nywele.

Kwangu uko begani.

Kimo kimoja. Hata pindo hakugusa.

Nikasema, nikijifanya nacheka, "Bibi, hapa ulichuchumaa?" Naye, akimenya viazi: "Nichuchumae kwa nini? Ah, nguzo! Ilioza chini, mwaka wa sabini na nne. Babu yenu akakata kipande kilichooza, akaizika tena. Mti mzuri ule, nani atautupa? Darryl ndiye aliyeishika, alikuwa kijana wa sekondari."

Baba mkwe alikuwa mlangoni na chupa ya bia. Alinitazama, akatazama fremu mbili mezani. "Mama, viazi vinaungua," akasema. Vilikuwa bado havijabandikwa motoni. Nilipoaga nikamwomba Bibi aniazime picha yake, akanipa, Baba mkwe akiona.

Nimepima kwenye mlango wa bafu kwa kalamu. Kutoka begani hadi kiganja juu ya kichwa. Sentimita hamsini, zimezidi kidogo. Tuta la Bi Thora lina thelathini.

Maji yatapita juu ya tuta. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hayatapita.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwambia Brodie. Alikuwa anafunga kamba za buti.

"Baba hakudanganya, Tam. Ni miaka arobaini na mitano."

"Jana alikumbuka. Nilimwona."

"Sasa unataka nini? Umwaibishe mbele ya wilaya nzima kwa ajili ya mto ambao hata samaki hawezi kuogelea ndani yake?"

Nikamwambia fomu niliijaza mimi, aibu ni yangu. Akasema, "Basi kaa nayo mwenyewe." Akaondoka bila kunibusu. Mara ya kwanza! Nililia juu ya sinki kama mtoto, kisha nikaona aibu pia ya kulilia busu wakati watu tisa wana nyumba zao pale chini.

Jumanne, 19 Machi

Brodie karudi na maua ya kituo cha mafuta. Nimeyaweka kwenye maji. Picha nimeitoa kwenye friji.

Ijumaa, 22 Machi

Nilimpigia Injinia mjini. Nilijipanga niseme yote. Nikaanza na msumari, kwa kuwa ndio mwepesi.

"Kwa nini uliandika hapana, Tamsin?"

"Kwa sababu miti hukua. Nilidhani umepanda na mti."

Heri angecheka. Akaeleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu: mti hurefuka kwenye ncha, shina linanenepa tu. Msumari uliopigwa kifuani hubaki kifuani hata miaka mia. "Ungeniuliza," akasema. "Ningekujibu kwa dakika moja."

Somo la biolojia nililipenda! Nilichora shina kwa kalamu za rangi, nikapata nyota!

Akasema niupime na kumletea kipimo kabla hajatia saini. Darubini ya kupimia kimo na ufito wake wenye namba viko stoo, ninavijua. Lakini akaongeza: "Ukitofautiana na nguzo, itabidi nichague. Nguzo ina kumbukumbu safi, haijahamishwa. Nitaelemea nguzo. Isipokuwa kuna kitu kingine cha kuniambia?"

Pale ndipo. Mlango wazi kabisa. Nje kwenye bustani Baba mkwe alikuwa ananirekebishia kamba ya kuanikia nguo, bila kuombwa, anapiga mluzi.

"Hakuna, Injinia."

Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba simu ilikatika.

Jumapili, 24 Machi

Baada ya kanisa nilimwambia Brodie naenda ng'ambo. "Kwa nani?" Nikasema kwa mwenye skonzi. Hakunizuia, hakuvuka nami. Alisimama kivukoni akitupa mawe madogo mtoni mpaka nikafika upande wa pili. Nilipogeuka bado yupo. Nampenda, Mungu wangu, hata mgongo wake nampenda.

Bi Thora alikuwa anapaka rangi fremu ya dirisha. "Aa, bibi harusi wa kina Noske! Umekuja kung'oa msumari?"

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Hapana ile niliiandika mimi, si timu. Na nililicheka lile la matawi.

"Nilikuona," akasema. "Una meno mazuri."

Akaingia ndani. Nikadhani kanifukuza. Akatoka na chai, vikombe viwili, na chupa ya jamu ya kwandong, tunda la porini, yenye utepe mweupe. Zawadi ya harusi! Ilikuwa tayari tangu Februari, akasema, hakujua tu apitishe wapi. Nilishindwa kuishika. Akaiweka kwenye mapaja yangu kama anayemwekea mtu paka.

Nikamwambia msumari utapimwa. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na dirisha. Ndipo nikatoa picha mbili kwenye mkoba, yangu na ile ya Bibi Elfrieda. Sikupanga. Au nilipanga, maana niliziweka mkobani mwenyewe asubuhi. Akafuta rangi vidoleni, akazishika kwa ncha. Akaangalia ya Elfrieda. Akaangalia yangu. Akarudi kwa ya Elfrieda.

"Gauni lilikukaa vizuri," akasema hatimaye.

"Halikuguswa hata pindo."

"Naona." Akanirudishia zote mbili. "Darryl anajua unazo?"

"Anajua."

Aliangalia tuta lake, kile kilima kidogo chenye nyasi kavu, na vibanda vinane vingine vimepangana na nguo zao kambani. Ng'ambo yule mtu mwenye mawe bado alikuwa amesimama. Kwa umbali ule usingeweza kujua kama amekasirika au anasubiri.

"Kupima kunataka watu wawili," Bi Thora akasema. "Mmoja kwenye darubini, mmoja kashika ufito kwenye mti. Mimi mkono haupandi tena kule juu. Nani atakushikia?"

Nikamwambia nitakuja kabla mwezi haujaisha, na darubini, na picha zote mbili, na mtu wa kushika ufito. Akaniuliza ni nani. Nikatazama ng'ambo, aliposimama Brodie. Nikarudia tu: kabla mwezi haujaisha, Bi Thora, nitakuja.