Neno Nililokunyima Doha

Doha, Ijumaa asubuhi

Mdogo wangu Rispa,

Mulembe. Mimi ni mzima, ila miguu inaniuma kwa kusimama. Ninyi huko Navakholo mko aje? Goti la Mama limepata nafuu? Mahindi yamebeba? Barua hii nampa mwenzangu wa chumba anayekuja nyumbani likizo, kwa sababu kwa simu ningekudanganya tena.

Uliponipigia ukasema, "Dada, nimefika Doha na watu wa kaunti, tuonane hata dakika kumi," nilikujibu kwamba nimepelekwa kazi mbali na mji. Haikuwa kweli. Nilikuwa kwenye ukumbi huohuo wa maonyesho, nikipiga deki. Siku zote tatu nilikuona.

Nilikuona na kitenge kipya, kadi yenye jina lako imening'inia kifuani, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kukausha mboga, na nyuma yako bango limeandikwa Kakamega kwa herufi kubwa. Rispa, nilichomeka. Kikundi hicho nilikianzisha mimi, jikoni kwa Mama, tukiwa wanawake sita na nyungo nne. Ni mimi niliyewaonyesha kwamba mboga ya mrenda ikianikwa kivulini haupotezi rangi. Kisha karatasi zangu za kuja huku zikatoka, nikakuachia kiti. Hata miezi miwili haikuisha, chifu akaita baraza akasema serikali inatafuta vikundi vya kufundishwa kuuza nje ya nchi. Mkapewa mashine ya kufunga pakiti, mkasaidiwa kupata cheti cha ubora. Mimi hapa nilikuwa najifunza kusema "samahani, sakafu ina maji" kwa Kiarabu. Kila ulipotuma picha niliandika "Hongera sana", halafu naiweka simu kifudifudi.

Siku ya pili ya maonyesho nilikuwa napangusa nguzo iliyo kando ya kibanda chenu. Mgeni mmoja akakuuliza ni nani aliyewafundisha kukausha namna hiyo. Ukasema, "Ni maafisa wa kaunti, wametusaidia sana." Wamewasaidia, najua. Lakini hilo la kivuli lilikuwa langu. Nilikamua kitambaa mpaka vidole vikauma.

Sasa sikia kosa langu. Siku ya mwisho alikuja yule mzee wa Kimisri mwenye shati lenye jina la hoteli yake. Unamkumbuka. Alichukua pakiti, akauliza kwa Kiingereza cha kubahatisha, "Hii ni nini? Dawa?" Ukamwambia ni mboga, ni mrenda, tunapikanga na magadi, tunakula na ugali. Hakuelewa. Afisa wenu akamsomea jina la kitaalamu. Mzee akarudisha pakiti mezani, akaenda zake.

Rispa, Wamisri wanakula mrenda kutushinda! Wanauita mulukhiya. Kabla ya kazi hii, nilipokuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa familia ya Kimisri, niliupika kila wiki. Lilihitajika neno moja tu, na mimi nilikuwa hatua chache kutoka hapo, nalo mdomoni. Nikalimeza. Nikakuona umeinama, ukipanga upya pakiti ambazo tayari zilikuwa zimepangika, nami nikafurahi. Furaha yenyewe haikudumu hata kunifikisha mlangoni.

Mlipofungasha, msimamizi akanituma kufagia kibanda chenu. Chini ya meza nikaokota pakiti mliyosahau, nikaificha mfukoni.

Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mapumziko, niliitafuta hoteli ya yule mzee mpaka nikaipata. Alikuwa anapanga viti. Nikamwekea pakiti mbele yake nikasema, "Mulukhiya."

Akaifungua, akanusa, akaguna. Akaingia jikoni mwenyewe, nikasikia kitunguu saumu kikikaangwa. Aliporudi alikuwa anatafuna kipande cha mkate alichochovya.

"Mbona hawakusema?" akaniuliza.

Nikasogeza kiti kimoja kwenye meza yake. Akaniuliza tena, mwenye mboga hii ni nani? Nakuambia ukweli, jina langu ndilo lililotangulia kufika ulimini. Nikalirudisha, nikasema, "Rispa. Mdogo wangu. Yuko Kakamega."

Anataka mtume kilo tano za kujaribu. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Neno lenyewe nimeandikiwa kwa herufi za Kiarabu na dada mmoja wa Kisudani ninayefanya naye kazi. Liko kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya bahasha. Mpe afisa wenu alichapishe mbele ya pakiti, kubwa.

Usidhani wivu umeisha. Hata nikiandika haya nakuona umekaa mkutanoni kwenye kiti nilichokuwa nakalia, na roho inaniuma. Ukitaka kunipigia unitukane, nipigie. Nitapokea.

Msalimie Mama, umwambie aache kubeba maji. Msalimie shemeji yangu, na asante kwake kwa kumlea binti yangu Mercy kama wake. Mercy mwambie viatu vya shule anavyo huyu mwenzangu. Wanawake wa kikundi wasalimie wote, hasa Mama Rasoa, mweka hazina wetu. Habari ya mzee wa Kimisri wape. Hii ya mimi kunyamaza usiwape. Nitakuja kuisema mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yao.

Ni mimi dada yako,
Truphosa