Dumu la Shangazi

Maryamu, nimechoka mwenzangu. Shangazi Mwaija kashuka leo kutoka Handeni na dumu la maji. Kwao kiangazi mgeni hamalizii mwenyeji maji, anakuja na yake.

Nikamcheka. Nikamwambia, "Shangazi, hapa ni Kilole, Korogwe mjini. Kodi ninayolipa chumba kimoja, kwenu unapata nyumba nzima. Maji yamo ndani."

Nikafungua bomba. Kavu.

Kavu, Maryamu.

Mara hodi. Mama mwenye nyumba, yule anayetuita watu wa Handeni washamba, kashika birika. "Nasikia mgeni wako kaja na maji. Naomba ya chai tu."

Shangazi akamjazia mpaka juu. Kisha akanigeukia, mama wa watu bado kasimama mlangoni:

"Huyu ndiye unayemlipa kodi?"