Koti ya Davy

Bunia, mwezi wa ine 2003

Yaya Fabien,

Tunakusalimia sana huko Kampala. Mama iko, magoti tu ndiyo inamusumbua. Samaki ya Tchomia haifiki tena, tunakula majani ya sombe tupu. Gracia ameota meno mbili na anauma kila mutu.

Umeuliza utumie shemeji Davy koti gani, ya ngozi ao ya kitambaa, sababu sasa ni yeye anaendesha moto, ile pikipiki ya marehemu bwana yangu Placide, kaka yake. Najua ngozi ni muzuri. Bwana yangu alianguka na ile uliyomutumia, kwenye changarawe ya Bogoro, na mukono haukuchubuka hata kidogo. Ya kitambaa ingepasuka. Kila siku ya Mungu aliipakaa mafuta ya mawese mbele ya misa, mupaka kanisani tunanuka kama jiko.

Lakini Yaya, tuma ya kitambaa. Tafuta ya zamani, yenye rangi imeisha, na viraka kama iko.

Juzi nimeona koti ya Placide sokoni Mudzipela, kijana mwenye bunduki ameivaa. Nimeijua kwa uzi nyekundu niliyoshona kwenye kola. Nimeitazama mugongo, kifua, mikono. Haina tundu hata moja. Basi pale kwenye bariere, walipofunga barabara, walimuvulisha koti kwanza, ndipo wakamupiga risasi.

Davy sijamuambia. Anangojea ya ngozi.

Mudogo wako,
Elisabeth