Mama Huzungumza Shuka Likiwa Juu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na unisamehe nikizunguka, maana hata darasani nikiulizwa swali huanzia mbali. Mama yangu ni dobi wa nyumba za wageni, na nikitoka shule namsaidia kukunja mashuka, yeye pembe mbili na mimi mbili, tunayainua mpaka simwoni, naona mwanga na kivuli chake tu, mvuke wa pasi umejaa chumba kama tumo ndani ya wingu, na hapo ndipo husema mambo asiyoyasema mezani, kuhusu mimba na magonjwa na kondomu, na kwamba mwili wangu ni wangu, kisha tunasogeleana, pembe zinakutana, naye ananiuliza kama nimemaliza hesabu.

Sasa kuna kijana wa kidato cha mbele yangu, huwa tunaazimana vitabu, nikitembea naye naona kama sikanyagi chini, na ameniomba Jumamosi niende kwao, wazazi wake watakuwa safarini. “Ndiyo” ilikuwa mdomoni kabisa, ila ikanijia sauti ya mama nyuma ya shuka: “Siku ukiwa hujui la kujibu, sema bado, halafu njoo uniambie.” Nikasema bado. Natamani kumwambia, lakini naogopa atadhani nimeshafanya, asiseme nami tena, na hakuna kitu nyumbani ninachokipenda kama ile sauti. Nifanyeje?

Mkunja Mashuka

Marahaba, mwanangu. Msomaji wa vitabu kama wewe umesomaje nusu ya sentensi? “Sema bado” umelitii, na hongera. “Njoo uniambie” umelikalia. Mzazi aliyeweza kutamka kondomu mbele ya binti yake hatazimia akisikia kuna kijana.

Tena nikwambie: shuka halihitaji kuinuliwa hadi usoni ili likunjike. Kifuani panatosha. Mama yako naye ana haya, amejitafutia pazia, na nyuma yake anakungoja.

Jumamosi usiende. Kuazimana vitabu hakuhitaji nyumba tupu, na hilo unalijua, ndiyo maana umeniandikia. Mwambie kijana mkutane maktaba. Akinuna, utakuwa umemjua mapema. Na kesho, shuka la kwanza uliinue wewe, useme, “Mama, kuna kijana.” Ukikwama, usimsogelee, libaki juu mpaka umalize. Mikono ikichoka, lishusheni, muendelee.