Mnyororo wa Maombi

Minnesota, 9 Januari

Mama Darlene mpendwa,

Huku tu wazima, ila baridi ndiyo inatuonea. Ninyi mlioikimbia mnaendeleaje? Goti lako limepata nafuu? Na mzee wako Harlan bado anagombana na redio ya gari?

Uliniambia nikuandikie majira yote ya baridi ili Kiingereza changu kisigande, basi naandika. Darasa la Jumanne linaendelea kule kwenye chumba cha chini ya kanisa. Marlys ndiye anayetufundisha, ila anapaza sauti kana kwamba wageni wote ni viziwi. Juzi tulijifunza kumpigia daktari simu. Mzee Saw Ler alipoambiwa ataje kinachomsumbua, akajibu, "Marlys." Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mwanangu Paw Wah ameingia kwaya ya vijana. Amepata rafiki, Kaylee, mjukuu wa Marlys, na hawaachani. Jana nilipika uji wetu wa wali na machipukizi ya mianzi, akala bakuli mbili, halafu akaniuliza kwa nini siweki jibini. Jibini, Mama! Sisi Wakaren wa Burma tumeshamkosa huyu, ni wa kwenu.

Nakushukuru kwa siku ile tulipomenya viazi jikoni kwako. Tangu kambi ya wakimbizi nilikuwa sijamfungulia mtu moyo: kwamba Paw Wah sikumzaa mimi, alizaliwa na mdogo wangu Mu Paw aliyefariki akijifungua, na kwamba baba yake ni askari mmoja wa wale waliotuchomea kijiji, aliyemwingilia kwa nguvu. Tangu nikuambie napata usingizi. Mtoto nitamwambia mwenyewe, akishakuwa mtu mzima wa kuubeba mzigo huo. Mpaka siku hiyo ni wewe, mimi na Mungu.

Mwanao,
Hser Moo

Arizona, 25 Januari

Binti yangu Hser Moo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa raha, ya pili kwa kalamu nyekundu. Makosa ni machache, nakurudishia uyaone. Goti ni lile lile, jua linalibembeleza tu. Harlan hajambo. Amepata wazee wenzake wa kucheza karata na sasa hata hanioni.

Njiani tulipitia kwa Curtis. Harlan alibaki garini, kama kawaida yake. Mwanangu amekonda, lakini alicheka nilipomsimulia vituko vya darasa. Bado miaka minne. Pale mjini ni wewe peke yako unayejua kwamba yuko gerezani. Kanisani wanajua anavua samaki Alaska, na wakiniuliza nawaambia samaki ni wengi. Nakuomba ibaki hivyo hivyo. Harlan atakufa kwa aibu, na mimi nitamfuata.

Nawe usijione uko peke yako na mzigo wako. Nimekuweka kwenye maombi. Na lile koti la kijani nililokupa livae wewe, usimwachie Paw Wah.

Mama yako wa Marekani,
Darlene

Minnesota, 8 Februari

Mama Darlene,

Naomba barua hii ikukute salama. Sisi miili ni mizima.

Nina swali. Jumapili kina mama walinijia mmoja mmoja kunikumbatia. Phyllis alilia begani kwangu mpaka ikabidi nimbembeleze. Nyumbani nimeletewa mabakuli ya viazi na jibini mpaka friji haifungi, na mimi sina msiba. Marlys akanishika mikono, akasema, "Wewe ni shujaa, mpenzi. Na yule mtoto hana kosa lolote."

Kosa gani? Uliandika kwamba umeniweka kwenye maombi. Uliomba kwa nani, Mama?

Nijibu haraka, tafadhali.

Mwanao,
Hser Moo

Arizona, 16 Februari

Binti yangu,

Pole, nimekutia wasiwasi bure. Hakuna baya. Nilimpigia Marlys nikamweleza kwa siri, ili ajue la kuombea. Naye akampigia Phyllis, Phyllis akampigia mwingine, ndivyo mnyororo wetu wa maombi ulivyo. Tangu enzi za mama yangu, mtu akilemewa, simu inazunguka mpaka kila mmoja ameshika upande wake wa mzigo. Huwezi kumwombea mtu bila kujua kinachomuuma. Haya si maneno ya barabarani, mwanangu, ni maombi. Sasa wanakupenda kuliko mwanzo.

Viazi unaweza kuvigandisha, haviharibiki.

Mama yako,
Darlene

Arizona, 20 Machi

Hser Moo mwanangu,

Hujambo? Paw Wah hajambo? Mwezi umepita sijapata hata mstari. Nikipiga, simu inaita tu. Marlys anasema huonekani darasani, na mtoto ameacha kwaya. Kama unaumwa niambie, niwatume kina mama waje.

Tunarudi katikati ya Aprili. Nimekununulia kofia kubwa ya jua, ya kutuchekesha tu. Andika hata maneno mawili. Sitayasahihisha.

Mama yako anayekuwaza,
Darlene

Minnesota, 5 Aprili

Darlene,

Natumaini goti lina nafuu. Nauliza kwa moyo kabisa, maana hasira ninayo, lakini maumivu sikuombei.

Mnyororo wako ulifika kwa Kaylee. Alimsikia bibi yake akiongea kwenye simu. Vijana walikuwa chini ya kanisa wakipamba biskuti, Kaylee akamshika Paw Wah mkono mbele ya wenzao wote, akamwambia kwa upole, "Tunakuombea uweze kumsamehe baba yako kwa alichomfanyia mama yako mzazi." Simlaumu. Alifanya kama anavyoona wakubwa wake wakifanya.

Paw Wah alirudi kwa miguu kwenye theluji, bila koti. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Ni kweli?"

Maneno ya siku hiyo niliyaandaa tangu nikimbeba mgongoni. Ningeanza na Mu Paw, alivyokuwa akiimba shambani, alivyomchagulia jina kabla hajakata roho. Askari ningemfikia mwisho kabisa, nikiwa nimemshika mwanangu. Watu wako walianza na askari. Sasa Paw Wah anajitazama kwenye kioo akitafuta sura ya mtu ambaye hata mimi simkumbuki. Na siku hizi ananiita mama mkubwa. Ndivyo anavyoitwa dada wa mama, hajakosea, na kila akiniita hivyo ananikata maini.

Unasema huwezi kumwombea mtu bila kujua kinachomuuma. Mbona basi Marlys hajui kinachokuuma wewe? Mbona Curtis hukumtia kwenye mnyororo? Kutunza siri unajua, Darlene. Ya mwanao umeitunza vizuri. Ya mwanangu ndiyo uliyoona ni ya kugawana.

Mema yako sitayakana. Ulinifundisha kuendesha gari kwenye barafu, kusoma barua za shule, kumbishia mwenye nyumba. Hata hasira hii naiandika kwa Kiingereza ulichonipa wewe. Lakini tunahama. Binamu yangu amenitafutia kazi kwenye kiwanda cha bata mzinga, mji mwingine. Paw Wah anataka kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayemwonea huruma. Koti la kijani nimempa mke wa Saw Ler. Usitutafute.

Jumapili nilipita kanisani kurudisha mabakuli. Kina mama walikuwa kwenye kahawa yao. Marlys akaniuliza, "Hivi Curtis wa Darlene harudi tu kutoka Alaska? Huyu mtoto amemsahau mama yake?" Wote wakanigeukia, maana wanajua nilivyokuwa karibu nawe. Ulimi uliniwasha. Neno moja tu lingetosha, na ningeweza kabisa kuliita ombi.

Nikawaambia samaki ni wengi.

Hser Moo