Jina la Sidi Ukumbini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Mguu wako vipi? Na ule mnazi wa mlangoni uliopigwa na radi, umechipua au mmeukata? Mimi ni mzima wa mwili. Simu zangu hupokei, mwezi wa tatu huu, ndiyo maana naandika. Barua haikatwi katikati. Mbodze mdogo wangu, msomee Mama polepole, na usiruke popote, hata pale ninapojitukana.

Nianze mwanzo, kwa maana umesikia ya watu, ya kwangu hujayasikia.

Unakumbuka nilipokuja likizo tukamzika Sidi, binti wa jirani yetu, aliyefariki akijifungua akaacha kichanga. Wewe ndiye uliyeitwa kuongoza nyimbo, kama unavyoitwa Kaloleni yote tangu mimi sijaota meno. Uliwaketisha wanawake mkekani, ukasema aliyekufa uzazini haimbiwi kwa ngoma wala kwa makofi. Ukamwita kwa jina: "Sidi, inuka, mtoto analia." Wimbo ulipokwisha hakuna aliyekohoa. Tulikaa kimya tukimngoja mama yake ainuke kwanza, maana ndivyo ulivyotufundisha, mwenye msiba ndiye anayefungua njia. Mama Sidi alikaa sana. Miguu ilinifa ganzi. Na simu yangu ilikuwa ndani ya leso, inarekodi. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijiambia ni kumbukumbu tu.

Kazi yangu hii ya kuongoza okestra hujaipenda hata siku moja. Uliniuliza, "Kazi gani hiyo, kupunga mikono kama anayefukuza kunguru mahindini?" Tulicheka mpaka machozi. Lakini huku ughaibuni hukuniona, Mama. Miaka minne nilipanga viti na kugawa karatasi za noti za muziki kabla ya kushikishwa kijiti cha kuongozea. Siku ya kwanza niliposimama mbele ya okestra, mpiga fidla mmoja aliniuliza kama nimekuja kufagia. Wenzake hawakuninyanyulia macho. Waliinamia karatasi zao wakapiga kwa mwendo wanaoutaka wao. Ati mwongozaji! Nilikuwa naongoza vipara. Nikatunga muziki wangu, nikarudishiwa. Nikatunga tena, wakasema ni mzuri ila wameshausikia kwingine. Basi nikaifungua ile simu.

Wimbo wako nikaupangia okestra nzima na kwaya, na jina la Sidi nikaliacha palepale. Haki ya Mungu, ulikuwa mzuri. Ukumbi mzima ulisimama, makofi na miluzi, magazeti yakaandika jina langu, na wimbo ukawekwa kila Jumamosi. Nililia kwa furaha, mpumbavu mimi.

Video ikazunguka mpaka ikafika nyumbani. Mbodze aliniambia Mama Sidi aliitazama kwenye simu ya mpwa wake, mjukuu mapajani, na ilipofika kwenye makofi akaja kwako bila viatu. "Mimi mwanangu nilimzika mara moja. Kadzo wako anamzika kila Jumamosi, na watu wanafurahi." Na alipofariki mzee Kahindi wa ng'ambo ya bonde, wanawake hawakukuita, wakiamini wewe ndiye uliyenipa wimbo. Walimleta mwimbaji kutoka Junju asiyemjua hata marehemu, wewe ukakaa jikoni ukimenya mihogo ya waombolezaji. Hilo ndilo linaloniua, Mama. Kosa nimefanya mimi, mdomo uliofungwa ni wako.

Nilikwenda kwa meneja wetu nikamwambia wimbo uondolewe. Si mtu mbaya, kila mara huniuliza hali yako. Akasema tiketi za Jumamosi ya mwisho zimeshauzwa zote. "Badilisha jina tu, weka lolote. Nani atajua?" Nikakaa na kalamu siku mbili. Niweke la nani? La Mbodze? Lako? Kila jina nililolijaribu lilikuwa la mtu ninayempenda, na mkono ukakataa kuandika. Nikarudi nikamwambia basi, siongozi. Akanijibu kwa upole kwamba ataongoza mwingine.

Sasa nikuambie desturi moja ya huku. Muziki ukiisha, mwongozaji akiwa bado ameinua mikono, hakuna anayepiga makofi. Watu wote wanangoja aishushe. Nikawaza, huyo mwingine ataishusha, na makofi yatapigwa tena. Nikasema nitaongoza mwenyewe.

Jumamosi ile kwaya iliita "Sidi, inuka" mara ya mwisho, fidla zikanyamaza, nami sikushusha mikono. Watu wakangoja. Wanamuziki wakaninyanyulia macho, wote, hata yule aliyeniuliza habari ya kufagia. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza. Mabega yaliwaka moto. Kuna aliyecheka kidogo akaacha. Mmoja akapiga kofi moja, akaona haya. Kisha wakaanza kuinuka na kuondoka mmoja mmoja. Meneja aliniita kwa jina kutoka pembeni, sikugeuka. Niliishusha ukumbi ulipobaki mtupu, na mwanamke mmoja tu akiokota karatasi sakafuni. Mikono haikuweza kuvaa koti. Yeye ndiye aliyenivalisha.

Jumatatu nilifukuzwa. Karatasi zote za noti nimezichukua, ziko chini ya kitanda, na wimbo hautapigwa tena. Okestra nyingine haziniiti, wanasema nimerukwa na akili. Nafundisha piano watoto wawili wa jirani. Kibali changu cha kukaa huku kilitegemea kazi ile, kwa hiyo huenda nikarudi kabla ya masika, na sijui nitapokewa na nani. Majuto ni mjukuu, lakini wangu huyu kaja mapema. Sauti yako kwenye simu nilitaka kuifuta nikashindwa, kwa sababu siku hizi ndiyo pekee ninayoisikia. Nisamehe na hilo.

Sikuombi unitetee kwa watu. Ninachoomba ni kwamba uende na Mbodze kwa Mama Sidi, akasomewe barua hii yote, mbele ya wanawake kama atataka. Waambie hukujua. Simu ilikuwa yangu, leso ilikuwa yangu, na tamaa ilikuwa yangu. Wakurudishe mkekani. Mimi wanifanye watakavyo.

Nisalimie kaka, na umwambie asipande minazi akishalionja tembo lake mwenyewe. Nisalimie shangazi wa Kikambala anayefua mashuka ya hoteli, na yule mwalimu wa kwaya wa misheni aliyetufundisha do re mi kwa fimbo. Mtoto wa Sidi nasikia ameanza kutembea; mshikeni mkono kwa niaba yangu, mkiruhusiwa.

Na Mama Sidi mwenyewe, Mbodze, hapa msomee taratibu. Wa huku walidhani siku ile nilikuwa nafanya ukaidi. Mwambie nilikuwa namngoja yeye ainuke kwanza.

Ni mimi mwanao, mfukuza kunguru,
Kadzo