Barua ya Uhamisho Iko Kwenye Droo Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie upesi, na tafadhali jina langu lisitokee, maana mimi ni mtu ninayejulikana ofisini na Ijumaa ijayo nitajulikana zaidi, nitapewa tuzo ya mtumishi bora mbele ya wageni, na tuzo hiyo ndiyo iliyoninyima hamu ya kula.

Mimi ni mratibu wa huduma kwa familia za wakimbizi na wanaoomba hifadhi, yaani kazi yangu ni kuhakikisha watu wa makazi, wa shule, wa kliniki na wa sheria wanazungumza, na kwa miaka miwili nimejitahidi kwa kila hali, nimeitisha vikao, nimetunga fomu moja ya kuunganisha zile fomu sita, ikawa sasa zinajazwa fomu saba. Sikuwa mvivu, mshauri, naomba hilo lieleweke.

Kuna mama mmoja wa watoto watatu, ofisini tunamwita Mama Bahasha kwa sababu hatoki nyumbani bila bahasha yake kubwa ya makaratasi. Binti yake wa kati ana miaka tisa na sikio lake la kushoto linatoa usaha na kusikia kwake kunapungua. Shule ilisema haimpokei bila barua ya kliniki, kliniki ikasema haimwoni bila anwani ya kudumu, na watu wa makazi wakasema anwani ya kudumu hupewa familia ambayo watoto wake wako shuleni, basi yule mama akazungushwa miezi kumi na minne, na kila ofisi ilikuwa inafuata utaratibu, hakuna aliyekosea.

Siku moja akatupa sote miadi nyumbani kwake, kila mtu kivyake, Jumanne saa nne asubuhi. Mimi nilifikiri nakwenda peke yangu kujaza tathmini, nikamkuta muuguzi ameketi kitandani, afisa wa makazi kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, mwalimu amesimama dirishani na mwanasheria anavua viatu mlangoni. Muuguzi na afisa wa makazi wanafanya kazi jengo moja, wamepanda lifti moja miaka mitatu na hawajawahi kuvuka salamu. Tukamwomba mama aeleze shida yake, akasema, "Nimeshaieleza mara saba, dada. Leo elezaneni wenyewe, mimi naweka chai."

Tukaelezana. Chai haijachemka afisa wa makazi alikuwa ameshasaini anwani juu ya meza ya kupigia pasi, muuguzi akapiga simu, mwalimu akaandika jina la mtoto, na ndani ya wiki tatu binti yuko darasani na ana tarehe ya operesheni. Majirani waliposikia wakaanza kuja kila Jumanne na shida zao, nasi tukawa tunakwenda, yeye ndiye anayepanga nani aanze na anajua afisa yupi yuko likizo kuliko mimi ninavyojua.

Sasa ndipo penye kosa. Niliandika ripoti. Mpango ule wa Jumanne niliuita Mfumo wa Meza Moja na nikaandika kwamba umebuniwa na ofisi ya mratibu, na ili upendeze zaidi nikaandika kwamba familia ya mfano imekwisha kupata huduma zote na inajitegemea. Ripoti zetu huwa hazisomwi, hii ilisomwa. Wakubwa wakanipa tuzo, na watu wa makazi wakaona kwamba familia inayojitegemea haina haja ya vyumba vya ofisi inamoishi, wakawaandikia barua ya kuwahamishia mji mwingine tarehe kumi na nne. Operesheni ni tarehe ishirini. Huko waendako wataanza mwisho wa foleni, na daktari alishasema sikio hilo halitangoja mwaka mwingine.

Barua hiyo ilipitia kwangu kwa sababu ya utaratibu nilioubuni mwenyewe, kwamba barua zote za familia zipite kwa mratibu ili wasichanganyikiwe. Imo kwenye droo yangu, leo siku ya nne. Mtu ana siku saba za kupinga tangu barua itolewe, lakini kupinga kwenyewe kunataka mratibu athibitishe kwamba familia bado inahitaji msaada, na mimi nimeshathibitisha kinyume kwa maandishi. Nimefikiri ningoje nipate tuzo kwanza, kwa sababu mtu mwenye tuzo ana sauti, na sauti hiyo nitaitumia kumtetea. Je, nafikiri vizuri? Au nimnong'oneze tu afisa wa makazi asogeze tarehe bila kueleza mengi? Sina nia mbaya na nampenda yule mtoto.

Mratibu mwenye aibu

MSHAURI ANAJIBU

Mratibu, barua yako imenifikia leo asubuhi, na jibu hili nimekutumia kwanza kwenye simu uliyoacha. Wasomaji watasoma Jumapili, wao hawana haraka. Wewe zimekubakia siku mbili.

Nimekuhurumia, nisikufiche. Kazi uliyopewa ni ngumu, na kukaa vikao miaka miwili bila matunda kunaweza kumfanya mtu yeyote atamani kusifiwa, hata kwa jambo la mwenzake. Aibu uliyonayo ni dalili nzuri. Lakini usinipake mimi mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba hakuna aliyekosea. Mtoto alikaa mwaka na zaidi na usaha sikioni huku kila mmoja wenu akifuata utaratibu wake, na aliyewakutanisha ni mtu pekee pale chumbani asiyelipwa kuwakutanisha.

Hilo la kungoja tuzo ndipo upate sauti lifute kabisa. Tuzo ni baada ya siku nane, muda wa kupinga unakwisha keshokutwa. Ukiwa jukwaani unapigiwa makofi, mama wa watu atakuwa anafunga mizigo. Na kunong'ona na afisa wa makazi nako acha. Atakusogezea wiki moja kama hisani, kisha mkubwa wake atafungua ripoti yako na kumuuliza kwa nini familia inayojitegemea bado iko pale. Utajitia hamnazo mpaka lini?

Kuna jambo umelipita haraka haraka, nami nimesoma barua yako mara mbili nikilitafuta. Hujaniambia Mama Bahasha anasemaje. Umenieleza wewe unaona nini, daktari alisema nini, wakubwa walifurahi vipi. Yeye hasemi neno kwa sababu hajui. Unapanga namna ya kumtetea mtu ambaye barua yake umeifungia.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, andika kwa mkuu wako karatasi moja: ripoti ilikosea, mpango wa Jumanne ni wa mama huyu, familia bado inahitaji msaada, na mtoto ana operesheni tarehe ishirini. Ambatisha barua ya daktari. Usipambe. Nakala mpelekee mwanasheria yule aliyevua viatu, yeye anajua pa kuifikisha leo hii. Tuzo, kama bado watataka kukupa, hilo ni lao.

Kisha chukua barua ya uhamisho uende kwake. Usingoje Jumanne. Mwambie imekaa kwako siku tano na kwa nini, na akikufokea, pokea, hiyo ni haki yake. Usianze kulia, maana atalazimika kukubembeleza na ana kazi nyingine. Halafu muulize anataka nini, uandike pingamizi kwa maneno yake yeye, hata yale yanayokutaja wewe. Atie saini juu. Wewe utie chini yake, kama shahidi.